Njumu, Tembo na Kengele Iliyonyamaza: Kweli na Uongo Kuhusu Kutengeneza Milango ya Unguja

Mlango wa juu wa nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa Kiponda, una kengele ya shaba isiyotaka umeme wala betri. Kwa nje kuna kishikio kidogo, kimezungukwa na maandishi ya Kiingereza yanayomwomba mgeni azungushe. Kwa ndani kuna kikombe cha shaba kilichofunika mitambo. Babu aliinunua mnadani, zama zake. Kwa miaka mingi ukiizungusha husikii ila mkwaruzo, kama panya juu ya dari. Shangazi alishaitolea hukumu: “Hiyo imekufa, mwanangu. Iache ipambe.”

Neno hilo, “iache ipambe”, nimelisikia sana Mji Mkongwe, na si kwa kengele tu. Tangu mji huu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mlango wa Unguja umepigwa picha usiku na mchana, na kila picha ina hadithi yake. Hadithi nyingi ni tamu. Ubaya wake ni kwamba zinatuzoesha kuutazama mlango kama picha ya ukutani, na anayetazama picha hufikiria rangi na mng’aro tu. Mlango ni chombo. Una viungo vinavyozunguka, vinavyobeba uzito, vinavyonywa maji na kukauka. Fundi akilisahau hilo, atauharibu mlango kuliko jua na mvua.

Haya hapa madai tisa yanayosemwa barazani, na hukumu ya kila moja.

1. “Njumu za shaba ziliwekwa ili tembo wasivunje mlango.”
Si kweli.

Njumu ni vile vichwa vya shaba vilivyopigiliwa kwenye mbao za mlango, na hadithi hii ndiyo ya kwanza anayosimuliwa mgeni akishuka Forodhani. Mzizi wake upo, ila upo India. Huko malango ya ngome yalitiwa miiba mirefu ya chuma ili tembo wa vita asiweze kuyasukuma kwa paji la uso. Lango kuu la Shaniwar Wada mjini Pune, ngome ya mwaka 1732, bado lina miiba yake. Mtindo wa kupigilia njumu ulivuka bahari pamoja na wafanyabiashara na mafundi wa Gujarat na Kachchh. Tembo hawakupanda jahazi.

Na wangepita wapi? Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Marco Polo naye ana sehemu yake ya lawama. Kitabu chake cha mwishoni mwa karne ya 13 kinadai kwamba watu wa Zanzibar hupigana vita juu ya migongo ya tembo, ilhali mwenyewe hakuwahi kutia mguu pwani hii, aliandika ya kuambiwa. Njumu za Unguja, hata zilizochongoka, ni fupi, na nyingi zimekaa juu ya bamba la shaba lililokatwa kama ua. Zilikuwa pambo, na tangazo la uwezo wa mwenye nyumba.

Kwa fundi jambo hili lina uzito. Anayedhani njumu ni silaha huirudishia kwa msumari mkubwa wa chuma, na mbao hupasuka. Hata msumari ukiingia vizuri, hewa yetu ina chumvi. Shaba na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, kinacholiwa ni chuma. Ndiyo maana utaiokota njumu chini ya mlango, kichwa kizima kabisa, mguu umekwisha. Dawa yake ni kuitia mguu wa shaba, na kabla ya hapo tundu la zamani lizibwe kwa kijiti cha mti mgumu ili njumu ipate pa kushika.

2. “Mlango una pete mbili: moja hugongwa na wanaume, nyingine na wanawake.”
Kweli huko, si hapa.

Huko ni Uajemi. Katika miji kama Yazd, milango ya zamani ina vigongeo viwili. Kimoja ni kizito na hutoa sauti nene, kingine chepesi na hulia kwa sauti nyembamba, ili waliomo ndani wajue aliye nje ni mwanamume au mwanamke kabla hawajafungua. Mtembezaji wa wageni aliyesoma habari hizo akaja kuona pete mbili kwenye mlango wa Hurumzi, akaunganisha mwenyewe.

Mlango wa Unguja una riza, yaani mnyororo, na una tumbuu, yaani kipete cha chuma kilichopigiliwa kwenye kizingiti ambacho riza huangikwa, kisha kufuli likapita. Pete ya kwenye bawa la mlango ni ya kulivuta. Kweli watu wengi hutikisa riza ili wasikike ghorofani, lakini kengele halisi ya mlango wa Kiswahili ni koo la mgeni: “Hodi!” Desturi hiyo imefungamana na dini. Sura ya An-Nur inafundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yako, na mafunzo ya Mtume yameweka kikomo cha mara tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka. Sauti ya hodi humweleza mwenye nyumba mengi kuliko kigongeo chochote: ni nani, ni jamaa au mgeni, amekuja kwa furaha au kwa msiba.

Kwa hiyo ukitengeneza mlango usiupachike vigongeo vya Kiajemi kwa sababu vinapendeza. Tafuta riza. Mara nyingi utakuta tumbuu imebaki peke yake kizingitini, haina cha kushika.

3. “Milango yetu yote ni ya Kiarabu.”
Si kweli.

Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya mbao ya Kilwa kwa nakshi na useremala wake. Hapo utawala wa Waomani Unguja ulikuwa umebakiza zaidi ya karne moja kuanza. Pwani hii ilikuwa na wachongaji wake, na Siyu kule kisiwani Pate ilipata jina kwa kazi hiyo.

Kilichopo leo Mji Mkongwe ni mchanganyiko wa karne ya 19. Kuna milango ya kizingiti kilichonyooka, yenye nakshi za mtindo wa Omani. Kuna ya Kigujarati, iliyogawanywa miraba miraba na kujaa njumu. Na kuna yenye tao la duara juu, iliyoshamiri baadaye, enzi za Sultan Barghash (1870 hadi 1888) na baada yake, ikiwa na ladha ya India. Mbao nazo zilitoka pande zote: msaji kutoka ng’ambo ya bahari, mvule kutoka bara, mfenesi wa hapa hapa kisiwani. Majina ya viungo vyake, kizingiti, miimo (nguzo za pembeni), mfaa (mhimili wa katikati), ni Kiswahili kitupu.

Asiyejua haya hurudishia kipande cha nakshi ya Omani kwenye mlango wa Kigujarati, na kazi ikaonekana kama shati lenye mikono ya rangi mbili.

4. “Mnyororo uliochongwa pembeni unaonyesha mwenye nyumba aliuza watumwa.”
Si kweli.

Mchongaji ana nakshi alizorithi kwa mwalimu wake: mawimbi, samaki, mtende, ua la yungiyungi, mnyororo. Mteja huchagua kwa macho na kwa mfuko. Kuusoma mlango kama wasifu wa mwenyewe ni hatari, kwa sababu mlango huhama. Mingi iling’olewa, ikauzwa, ikapachikwa nyumba nyingine, mtaa mwingine.

Tena historia ya utumwa Unguja haihitaji mnyororo wa mbao kuithibitisha. Soko lilikuwa Mkunazini, na lilifungwa mwaka 1873 Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Kanisa kuu la Kianglikana limesimama mahali pale pale hadi leo. Kama unataka mlango wenye uhusiano na biashara ile, nenda Shangani kwenye nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905. Pale mwenye nyumba tunamjua kwa jina lake, hatumbahatishi kwa nakshi.

Fundi naye asichonge “maana”. Kipande kikiwa kimeoza mwimo wa kulia, nakshi ya kufuata iko mwimo wa kushoto. Inatosha.

5. “Mlango ukikwama, mpigie randa.”
Si kweli.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, na hufanywa kwa nia njema. Mlango wa kale wa Unguja hauna bawaba. Kila bawa lina ncha mbili, moja juu na moja chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Uzito wote wa bawa umekaa juu ya ile ncha ya chini. Kwa miaka mia ncha hiyo husagika na tundu lake huchimbika, bawa likashuka kidogo kidogo mpaka likaanza kuparuza kizingiti. Ukilipunguza kwa randa, hujatibu kitu. Bawa litaendelea kushuka, na mwakani utapiga randa tena. Kinachotakiwa ni kuliinua, kusafisha tundu na kutia chini ya ncha kipande cha shaba au cha mti mgumu ili lirudi kimo chake.

Angalia pia msimu. Mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Mlango uliopigwa randa mwezi wa Aprili utapitisha upepo, na hata paka, mwezi wa Januari.

Kisha tazama mfaa, ule mhimili wa nakshi unaosimama katikati. Wengi hudhani ni urembo. Mfaa umepigiliwa kwenye bawa moja, na upana wake umevuka kulifunika bawa la pili kwa nje. Kwa kuwa mlango hufunguka kwa ndani, bawa lisilo na mfaa ndilo linaloweza kutangulia. Lenye mfaa likisukumwa kwanza, mfaa hulikumba bawa la pili na hapo mlango umekwama. Wakati wa kufunga ni kinyume: lenye mfaa kwanza, la pili lije kuegemea. Nimeona mtu akisukuma kwanza bawa lenye mfaa kwa bega mpaka mfaa ukapasuka, kisha akamwita seremala kulalamika kwamba mlango ni mbovu.

6. “Msaji hauliwi na mchwa.”
Nusu kweli.

Kiini cha msaji kina mafuta yake ya asili, na mchwa hukipita wakatafute riziki kwingine. Lakini ile mbao nyeupe ya nje, iliyokuwa karibu na gome, haina kinga hiyo. Isitoshe mlango mzima mara chache huwa msaji mtupu. Bawa laweza kuwa msaji, na miimo ikawa mti mwingine. Mchwa huanzia chini, mwimo unapokutana na sakafu yenye unyevu. Bonyeza pale kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, kumekucha.

Watu wengi hupaka oili chafu ya gari. Ni kweli mchwa hawaipendi. Lakini oili hiyo huitia mbao weusi usiotoka, hukamata vumbi, na mwisho nakshi hujaa kama meno yasiyopigwa mswaki. Vanishi nayo juani hupasuka na kubambuka, na maji huingia chini yake yasipate njia ya kutoka. Mafuta ya kitani, yapakwe membamba na kufutwa vizuri, huingia ndani ya mbao bila kufunga pumzi yake. Ile ncha iliyooza ikatwe na kuungwa kwa mbao ya aina ile ile. Huna haja ya kubadilisha mwimo wote.

7. “Shaba isiyong’aa imekufa, isugue kwa ukwaju.”
Nusu kweli.

Ukwaju unafanya kazi, na bibi zetu walijua. Ukali wake huyeyusha ule weusi na kutu ya kijani, sinia likarudi kama jipya. Lakini sinia huoshwa kwa maji mengi na kufutwa. Njumu iliyopo mlangoni huioshi. Maji ya ukwaju hutiririka nyuma ya bamba, hukutana na mguu wa chuma na mbao, na baada ya siku chache kila njumu inalia machozi meusi kwenye msaji.

Dawa za dukani zina ubaya mwingine: huacha unga mweupe kwenye mashimo ya nakshi. Na kila ung’arishaji huondoa shaba kidogo. Sugua kila Idi kwa miaka hamsini, na petali za lile ua zitabaki duara tupu. Njumu iliyong’olewa kwa matengenezo ioshe kwa ukwaju, isuuze, ikaushe. Iliyomo mlangoni ifute kwa kitambaa kikavu, na ukilazimika kupaka dawa, kata karatasi ngumu yenye tundu la kupitisha njumu ili mbao ibaki imekingwa. Weusi mwembamba hauli shaba, hivyo huna sababu ya kuuogopa.

8. “Mlango husimamishwa kwanza, nyumba ikafuata.”
Kweli.

Kwa desturi, miimo na vizingiti vilisimamishwa mapema, ukuta ukajengwa kuvikumbatia. Ndiyo maana kuung’oa mlango wa kale ni kubomoa ukuta, na ndiyo maana afya ya mlango ni afya ya ukuta.

Hapa ndipo saruji inapoingia, na uharibifu wake. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa taratibu. Fundi akipiga plasta ya saruji kuzunguka mlango ili “pakae imara”, maji hufungiwa ndani. Yatatokea wapi? Kwenye mbao, maana ndiyo mdomo uliobaki wazi. Mwimo huoza kwa nyuma huku kwa mbele nakshi ikikuchekea, na siku ukigundua, mkono unaingia. Rekebisha kwa chokaa, hata kama itachukua wiki kukauka na jirani akakucheka. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na kibali chake kinatakiwa kabla ya kugusa jengo. Nenda ukakiombe, na uliza habari ya chokaa hapo hapo.

9. “Kengele ya kuzungusha ikinyamaza, haitengenezeki tena.”
Si kweli.

Narudi Kiponda. Niliifungua ile kengele, nikaifunga kwenye gazeti, nikashuka nayo Darajani kwa mzee mmoja fundi baiskeli.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umeniletea nini?”

Akaigeuza mara mbili, akacheka. “Hii ni kengele ya baiskeli iliyonenepa.”

Ndivyo ilivyo. Ukizungusha kishikio, kipande chenye meno husukuma gurudumu dogo lenye meno. Gurudumu huzungusha mkono wenye nyundo mbili zilizolegea, na nyundo hurushwa nje kwa kasi zikagonga kikombe. Springi hurudisha kishikio mahali pake. Hakuna kingine. Kilichoinyamazisha kilikuwa mambo mawili. Kwanza, mtu aliwahi kuitia mafuta ya nazi (simtaji, ila anakaa Kiponda), yakaganda na vumbi mpaka mitambo ikawa imezama kwenye halua nyeusi. Mzee akailoweka kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki wa zamani, akaikausha, kisha akatia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Kwenye meno hakutia hata tone.

La pili lilikuwa la ajabu zaidi. Mitambo ilishazunguka vizuri, lakini kengele ikatoa “kt, kt, kt”. Mzee akaniagizia chai kwa jirani. Ilipokuja, akakishika kikombe cha chai kwa kiganja chote na kukigonga kwa kijiko: kimya. Akakishika kwa kishikio chake cha pembeni, akagonga tena, kikalia. “Umeona? Kinachokumbatiwa hakilii.” Skrubu ya katikati ilikazwa kupita kiasi na washa yake ya ngozi ilikwishapotea, kwa hiyo ukingo wa kikombe ulikuwa umeketi juu ya kitako. Akakata washa mpya kwenye kiatu kilichochakaa, akairudishia, akalegeza skrubu robo mzunguko, akazungusha. Watu watatu waliokuwa wakipita wakageuka kutafuta baiskeli.

Jioni ile ile niliipachika. Shangazi aliizungusha mara nne, kila mara akijifanya anahakikisha. Asubuhi yake jirani wa chini alipanda na sahani ya vitumbua. Tulimsikia miguu ikifika mlangoni, tukasubiri mlio.

“Hodi! Hodi humu ndani!”

“Karibu, karibu,” shangazi akajibu, akaenda kufungua. “Mbona hukuizungusha kengele, mwanangu?”

Jirani aliitazama, mikono yake yote miwili imeshika sahani.

“Kumbe inalia? Mimi miaka yote nilijua ni pambo.”